Kano Hai na Namba Yake

Hadi miaka ya 1980, elimu ya kano za binadamu ilikuwa kwa sehemu kubwa elimu ya maiti. Kano ilikatwa, ncha zake zikabanwa kwenye mashine, ikavutwa huku nguvu na urefu vikiandikwa. Ukakamavu ulipimwa kwa maana yake halisi: nyutoni ngapi zinahitajika ili kano irefuke kwa milimita moja. Kwa njia hiyo R. McNeill Alexander wa Chuo Kikuu cha Leeds na wenzake walionyesha, kwa kano za wanyama, kwamba kano ikivutwa na kuachiwa hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya nishati iliyoingia ndani yake. Ugunduzi huo ulisaidia kueleza kwa nini kangaruu huruka masafa marefu bila kuchoka upesi. Lakini maiti hafanyi mazoezi. Kocha anayetaka kujua kano ya mwanariadha wake imebadilikaje tangu msimu uanze hakuwa na la kupata huko.

Paavo Komi wa Jyväskylä, Finland, alilikabili swali la kano hai kwa njia ambayo wengi wetu tungeikimbia. Kifaa kidogo cha chuma chenye kihisi kilipachikwa chini ya ngozi kwa ganzi, kikaishika kano ya kisigino, kisha mtu akakimbia. Kiliandika nguvu ya takriban kilonyutoni 9, yaani mara 12.5 hivi ya uzito wa mwili. Ulikuwa ushahidi wa moja kwa moja, na thamani yake haijapungua. Hata hivyo, wanaokubali kupasuliwa kwa ajili ya sayansi ni wachache, na hakuna wa kupasuliwa kila wiki.

Altrasaundi ilifika kwenye kano kwa kupitia kiwandani na wodi ya wazazi. Katikati ya miaka ya 1950, daktari Ian Donald wa Glasgow alianza kujaribu kwa wagonjwa mashine iliyotengenezwa kutafuta kasoro ndani ya vyuma, na mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Kano ilisubiri miongo zaidi, mpaka mashine zikaweza kuonyesha mwendo papo hapo. Mwaka 1995 watafiti wa Japani, Fukashiro, Fukunaga na wenzao, walieleza namna ya kupata sifa za mnyumbuko wa kano ya mtu aliye hai bila kumkata. Mwaka 1999 Maganaris na Paul wakafanya kazi ya aina hiyo katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow ileile ya Donald.

Kipimo chenyewe kinaonekana chepesi. Mwanariadha hufungwa kwa mikanda, unyayo ukibanwa kwenye bamba linalopima nguvu. Kigimbi hupakwa jeli na kichwa cha altrasaundi hufungwa juu yake. Anaposukuma bamba kwa nguvu inayopanda taratibu, mahali msuli unapoungana na kano huonekana kwenye skrini pakisogea kuelekea gotini, pengine sentimita moja au mbili. Angalia basi picha imetoa nini: urefu tu. Nguvu ya kuzungusha kifundo imepimwa kwenye unyayo, ikagawanywa kwa umbali kati ya kano na kitovu cha kifundo ili kupata nguvu ya kano, na mara nyingi msuli wa upande wa pili unaovuta kinyume umepuuzwa au kukadiriwa. Ukakamavu haujaonekana kwenye skrini hata kidogo. Umekokotolewa, na nusu ya hesabu hiyo imetoka nje ya picha. Ninashikilia kwamba historia yote iliyofuata inaeleweka vizuri zaidi tukilikumbuka hilo.

Mtu atapinga kwamba kosa likiwa lilelile kwa kila mtu, kulinganisha wanariadha bado ni halali. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama kosa lingekuwa lilelile kweli. Hata mguu ukifungwa kwa mikanda, kisigino huinuka kidogo, na mzunguko huo wa kifundo husogeza msuli bila kano kurefuka. Usiporekebishwa, kano huonekana laini kuliko ilivyo. Na anayesukuma kwa nguvu zaidi ndiye anayeinua kisigino zaidi, kwa hiyo kosa hukua pamoja na nguvu, yaani pamoja na sifa ileile inayomtenganisha mwanariadha na mtu wa kawaida. Kwa mtu mmoja anayepimwa tena na tena kwa mashine moja na pembe moja ya kifundo, hapo nakubali: njia hii inafaa sana. Ndivyo Arampatzis na wenzake walivyoweza kuonyesha, mwaka 2007, kwamba wiki 14 za mazoezi ziliongeza ukakamavu wa kano ya kisigino pale tu mvuto ulipokuwa mkubwa, si ulipokuwa wa wastani.

Kisha ikaja njia isiyohitaji mikanda. Maabara ya Mathias Fink huko Paris ilikuza mbinu ya kusukuma tishu kwa altrasaundi na kupima kasi ya wimbi linalosafiri ndani yake. Kwa dakika chache mashine hutoa rangi na namba, na namba hiyo huitwa ukakamavu. Ni rahisi kuona kwa nini inapendwa. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walionyesha kwamba kano inapobeba mzigo, kasi ya wimbi hufuata hasa mkazo uliopo wakati huo, kiasi kwamba waliweza kuitumia kukadiria mzigo kwa watu wanaotembea. Kifundo kikikunjwa kidogo zaidi, namba hupanda, na kano ni ileile. Klabu inayomzuia mchezaji kucheza kwa sababu ya namba hiyo peke yake inamtendea kwa ushahidi usiotosha.

Altrasaundi ina nguvu zaidi inapoachwa ieleze kile inachokiona. Mwaka 2014 utafiti uliowalinganisha wakimbiaji bora wa Kenya na Wajapani ulikuta kwa Wakenya kano ndefu zaidi ya kisigino, na umbali mkubwa zaidi kati ya kano hiyo na kitovu cha kifundo. Hivyo ni vipimo vya maumbile, vinavyoweza kurudiwa na mtafiti mwingine bila kubishana kwanza kuhusu nguvu iliyokadiriwa.