Maabara ya mwaka wa kwanza: kutoka ghala la mvinyo Glasgow hadi barafu ya Mpemba

Hadi katikati ya karne ya 19, kijana aliweza kumaliza chuo kikuu akiwa amesoma fizikia bila kushika kifaa hata kimoja. Jaribio lilikuwa la profesa. Alilifanya mbele ya ukumbi, juu ya meza ndefu, huku wanafunzi wamekaa kwenye mabenchi wakitazama cheche zikiruka na kengele ikinyamaza ndani ya mtungi ulioondolewa hewa. Vifaa vilikuwa ghali, na mara nyingine profesa alikuwa amevinunua kwa fedha zake mwenyewe. Nani angempa mvulana wa miaka 18 avivunje?

Mmoja wa waliothubutu mapema ni William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Alipata uprofesa Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1846 akiwa na miaka 22. Alikuwa na maswali mengi juu ya umeme na joto katika metali, na mikono michache ya kumsaidia kupima. Akawaomba wanafunzi wajitolee. Wakapewa ghala kuukuu la mvinyo katika jengo la zamani la chuo, na humo wakaanza kazi. Hapakuwa na mtaala wala mtihani, na hakuna aliyetoa alama. Wengi wa vijana hao walikuwa wakielekea kusomea uchungaji, lakini walikesha na betri na nyaya kwa sababu mwalimu wao alikuwa anatafuta jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua bado.

Naomba msomaji alishike hilo, maana ndilo linalonifanya niandike. Maabara hii, miongoni mwa za kwanza kabisa za wanafunzi wa fizikia, ilianza kwa vipimo ambavyo majibu yake hayakuwa katika kitabu chochote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1870 Mjerumani Friedrich Kohlrausch alichapisha mwongozo wa fizikia kwa vitendo uliokuja kutumika kwa vizazi vingi, na mwaka 1874 Cambridge ikafungua Maabara ya Cavendish chini ya James Clerk Maxwell. Lakini umbo la kozi tunayoijua leo, ile ya wanafunzi wengi wanaozunguka kutoka meza hadi meza, lilijengwa Boston, Marekani.

Chuo cha teknolojia cha MIT kilianza kufundisha mwaka 1865. Mwasisi wake, William Barton Rogers, alitaka wanafunzi wajifunze kwa kutenda, ila utekelezaji ulimwangukia kijana mwingine wa miaka ya ishirini, Edward Pickering. Mwaka 1869 Pickering aliandika mpango wake wa maabara. Shida ilikuwa ile ile inayovisumbua vyuo vyetu leo: wanafunzi wengi, vifaa vichache. Kununua mizani ishirini kwa wanafunzi ishirini kusingewezekana. Akaamua kila meza iwe na jaribio lake, kifaa kikae hapo hapo bila kuhamishwa, na maelekezo yaliyoandikwa yawekwe kando yake. Ukutani alitundika ubao wenye safu mbili za kadi, moja ya majina ya majaribio na nyingine ya majina ya wanafunzi. Ukimaliza, kadi yako inahamishiwa kwenye jaribio jingine. Aliyewahi kusoma fizikia Dar es Salaam, Nairobi au Makerere ataitambua ratiba hiyo ya mzunguko mara moja.

Pickering aliuweka utaratibu wake katika kitabu, sehemu ya kwanza ikatoka mwaka 1873. Kinachonivutia ni mpangilio wake. Kabla ya kumpeleka mwanafunzi kwenye mizani au lenzi, kinamfundisha namna ya kushughulikia makosa ya vipimo na namna ya kuchora grafu. Mwaka 1877 Pickering alikwenda kuongoza kituo cha Harvard cha kuchunguza nyota, na huko ndiko alikopatia sifa zake kubwa. Kazi yake ya Boston inakumbukwa na wachache, na nadhani hatumtendei haki.

Harvard ndiyo iliyoigeuza kozi hiyo kuwa kitu cha watu wengi. Katikati ya miaka ya 1880 chuo hicho kiliamua kwamba anayeomba kujiunga kwa somo la fizikia anaweza kupimwa kwa kazi za maabara alizofanya shuleni. Edwin Hall, ambaye mwaka 1879 alikuwa amegundua tabia ya umeme inayoitwa kwa jina lake hadi leo, akapewa kazi ya kuandaa orodha ya majaribio. Yakatoka majaribio 40. Shule za sekondari zilizotaka wanafunzi wao wapokelewe zikajenga maabara, na watengenezaji wa vifaa wakapata soko. Kwa muda mfupi, vijana wengi kuliko wakati wowote uliotangulia walishika vifaa vya fizikia kwa mikono yao. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli.

Ila orodha ina gharama yake. Jaribio likishaorodheshwa, jibu lake linajulikana. Likishajulikana, msahihishaji analingojea. Na mwanafunzi akijua kwamba linangojewa, atalileta kwa njia yoyote ile. Hapo ndipo ghala la Thomson lilipoanza kusahauliwa.

Afrika Mashariki tuliipokea kozi hii ikiwa tayari imeshika umbo hilo, kupitia vyuo vilivyofundisha kwa ushirika na Chuo Kikuu cha London: Makerere, kisha Nairobi, kisha Dar es Salaam kuanzia 1961. Ripoti ina vichwa vyake: lengo, vifaa, utaratibu, jedwali, grafu, hitimisho. Na wanafunzi wana jina la ugonjwa wake: kupika data.

Chukua jaribio la pendulamu, jiwe dogo lililotundikwa kwa uzi wa mita moja. Kwenda na kurudi kunachukua takriban sekunde mbili. Kidole kinachobonyeza saa kinaweza kukosea kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Ukipima mzunguko mmoja tu, hilo ni kosa la asilimia 10, na kwa kuwa muda unazidishwa kwa wenyewe katika hesabu, thamani ya mvutano wa dunia inaweza kupotoka kwa asilimia 20, yaani popote kati ya 8 na 12 hivi badala ya 9.8. Pima mizunguko ishirini kwa pamoja, na upotokaji huo wa thamani unashuka hadi asilimia moja. Somo zima la maabara limo humo. Lakini aliyepata 9.2 akaogopa kunyimwa alama huichukua 9.8 ya kitabuni, akapiga hesabu kinyumenyume na kujaza jedwali. Hakujifunza lolote kuhusu saa, uzi wala kidole chake.

Hapa nyumbani tuna kisa kinachoonyesha hatari hiyo kuliko kingine chochote. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friji ukiwa bado wa moto kwa sababu nafasi ilikuwa inagombewa. Wake ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza darasani aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akataniwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Siku moja aliikuta maabara ya baiolojia wazi, akarudia kwa bika mbili ndogo za maji, moja ya bomba na moja ya moto. Baada ya saa moja, ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipoitembelea Mkwawa, Mpemba alimuuliza swali lile lile, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alimuuliza kama amelijaribu, kisha aliporudi chuoni akampa fundi wa maabara kazi ya kulipima. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, na akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi. Alisema hivyo kwa nia njema kabisa. Ndivyo alivyofunzwa. Vipimo vilivyofuata vilitoa matokeo yale yale, na mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ikachapishwa katika jarida la Physics Education. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vya Uingereza ambavyo havikuiona tabia hiyo. Huo ndio uhai wa fizikia, na umetokana na kijana aliyekataa kufuta alichokiona.

Siku hizi tuna ushahidi mpana zaidi. Mwaka 2018 Natasha Holmes na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 2001, walieleza walichokikuta katika kozi tisa za maabara katika vyuo vitatu, zenye wanafunzi karibu 3,000. Maabara zilizolenga kuthibitisha yaliyofundishwa darasani hazikuongeza chochote kinachopimika katika mitihani. Kabla ya hapo, huko Vancouver, Holmes, Wieman na Doug Bonn waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza pendulamu ile ile wapime muda wake kwa pembe ya nyuzi 10 na ya nyuzi 20, walinganishe, kisha waboreshe kipimo na kurudia. Kitabu husema muda haubadiliki. Ukweli ni kwamba unatofautiana kwa chini ya sehemu sita katika elfu, na waliopima kwa uangalifu waliiona tofauti hiyo. Wanafunzi wa kozi hiyo walikuwa na uwezekano mara 12 zaidi ya wenzao ambao hawakufundishwa hivyo wa kupendekeza au kufanya marekebisho ya vipimo vyao.

Hakuna hata kimoja kati ya hayo kinachohitaji kifaa kipya. Uzi, jiwe na saa vipo katika kila chuo chetu. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wahadhiri na wakufunzi wanaosahihisha ripoti za mwaka wa kwanza: mtoe alama kwa namna mwanafunzi alivyopima na alivyokadiria kosa lake, na aliyepata 9.2 akaeleza kwa nini, asipewe pungufu kuliko aliyenakili 9.8.