Mlezi Asiye na Mwajiri: Mafao ya Ugonjwa nchini Uingereza tangu 1911

Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911, iliyosimamiwa na Lloyd George akiwa waziri wa fedha wa Uingereza, iliyajenga mafao ya ugonjwa, yaani fedha anazolipwa mtu kwa muda ambao maradhi yanamzuia kufanya kazi, juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa: mfanyakazi wa kiume alikatwa peni 4 kwa wiki, mwajiri akaongeza 3, serikali ikatia 2, na aliyeugua akalipwa shilingi 10 kwa wiki, mwanamke shilingi 7 na nusu. Mwanamke aliyeachiwa watoto wa majirani waliokwenda viwandani hakuwa na mtu wa kumkata wala wa kumwongezea, hivyo mbele ya sheria hiyo kazi yake haikuwapo.

Mwaka 1948 zilianza sheria mbili ambazo hazikujuana. Ya kwanza, iliyotokana na ripoti ya William Beveridge ya 1942 na kuanza kutumika Julai 5, iliwapanga wachangiaji kwa madaraja, waajiriwa wakiwa la kwanza na waliojiajiri la pili. Hao wa pili walijinunulia stempu posta na kuzibandika kwenye kadi, na kwa stempu hizo wakastahili mafao ya ugonjwa, ingawa si ya kukosa kazi wala ya kuumia kazini. Ya pili ilimtaka mlezi wa kutwa, yaani anayelea watoto wa wengine nyumbani kwake kwa malipo, ajiandikishe kwa halmashauri endapo ana watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 5. Sheria hii ilijali usalama wa nyumba na sifa za mlezi. Atakula nini akiugua halikuwa jambo lake.

Kwa maandishi, basi, mlezi alikuwa na haki sawa na ya fundi viatu. Kilichomponyoka kilipitia kifungu kingine, kwani Beveridge alimhesabu mke kuwa tegemezi wa michango ya mumewe, na sheria ikamruhusu mwanamke aliyeolewa asichange hata kama amejiajiri. Kwa mwenye kipato kidogo uamuzi huo ulionekana wa busara, maana shilingi kadhaa zilibaki nyumbani kila wiki na michango ya mume ilimpa mke pensheni ya uzeeni. Lakini haikumrudishia ujira wake siku alipolala kitandani. Mlango huo ulifungwa kwa wapya mwaka 1977, mwaka uleule walezi walipounda chama chao cha kitaifa.

Mwaka 1983 malipo ya siku za mwanzo za ugonjwa yalihamishiwa kwa waajiri, na aliyejiajiri akabaki na mafao ya serikali, ambayo yalibadilishwa 1995 na tena 2008. Ni hapa udhaifu wa mfumo unapoonekana wazi zaidi, kwa sababu maradhi ya kawaida ya kazi hii ni mafua na kuhara anakoambukizwa mlezi na watoto wenyewe, yaani maradhi ya siku chache. Mafao hayo hayakugusa siku 3 za mwanzo, na tangu 2014 siku 7, huku mikataba mingi ya malezi ikiwaondolea wazazi deni la siku ambazo mlezi hakufanya kazi, kiasi kwamba homa ya wiki nzima ingeweza kupita bila kulipwa na yeyote.

Janga la korona la 2020 lililazimisha serikali iwafidie waliojiajiri moja kwa moja, ruzuku ya kwanza ikiwa asilimia 80 ya wastani wa faida ya mwezi, isiyozidi pauni 2,500 kwa mwezi. Wastani huo ulichukuliwa katika miaka mitatu ya kodi iliyoishia 2019, bila kuondoa miezi ambayo mwanamke alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani iliona kwamba hesabu hiyo iliwabagua wanawake hao kwa njia isiyo ya moja kwa moja.