Juma Lile Lile la Mwaka Jana

Jumatatu ya tarehe 22 Aprili 2024, saa mbili asubuhi, barua pepe iliingia kwenye simu zetu watatu kama ilivyoingia kila Jumatatu. Hakuna mtu aliyeiandika. Ilikuwa ripoti ya tovuti yetu ndogo ya mapishi na saa za kufuturu, na ilisema kwa rangi nyekundu kwamba watu wanaotufikia kwa kutafuta mtandaoni wameporomoka, wakilinganishwa na juma lile lile la mwaka jana. Nakala ilikwenda pia kwa bibi anayetuandikia mapishi. Tulimwongeza kwenye orodha tukidhani atafurahi kuona kazi yake inavyosomwa.

Saa tatu akanipigia. "Mwanangu," alisema, "kama hawanisomi tena, niambieni tu. Msinionee haya."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi ndiye niliyeiunda ripoti ile. Nilichukua kalenda yetu ya mtandaoni, nikaiunganisha na chombo kinachoonyesha watu wametafuta nini mpaka wakatufikia, kisha nikaiachia kompyuta kazi ya kulinganisha. Nilikagua hesabu mara tatu na haikuwa na kosa. Ikabidi nitafute kosa mahali pengine, na mahali penyewe pana historia ndefu kuliko nilivyotarajia.

Historia hiyo naianzia mwaka 1973, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani. Mwaka huo Ken Thompson aliongeza kwenye mfumo wa Unix kitu kilichoitwa bomba, yaani njia ya kuchukua matokeo ya programu moja na kuyamimina moja kwa moja ndani ya nyingine. Mwenzake Douglas McIlroy alikuwa akilidai jambo hilo tangu 1964, akitaka programu ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani: ukihitaji urefu zaidi, unaongeza kipande. Mwaka 1979, toleo la saba la Unix lilitoka likiwa na cron, programu iliyopewa jina kutokana na neno la Kigiriki la wakati. Kazi yake ni ya mlinzi wa zamu. Anatazama orodha aliyoachiwa, na dakika iliyoandikwa ikifika, anafanya alichoagizwa. Kila agizo lina nafasi tano za wakati: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, na siku ya juma.

Bomba na mlinzi wa zamu ndio mababu wa kila kinachojiendesha leo. Ripoti yangu ya Jumatatu ilikuwa mjukuu wao. Katika nafasi ya saa niliandika 8, na kila nilipoisoma kwa sauti nilisema saa mbili. Ilipaswa kunishtua mapema kwamba mimi na mashine hatuhesabu kwa namna moja.

Vyombo vyenyewe vilikuja baadaye, kimoja kimoja. Mwaka 2005 Google ilifungua huduma kwa wenye tovuti, ikiitwa Sitemaps. Mwaka uliofuata ikaitwa Webmaster Tools, na mwaka 2015 ikawa Search Console. Humo mwenye tovuti anaona maneno ambayo watu wameyatafuta, ni mara ngapi ukurasa wake ulitokea mbele yao, na ni mara ngapi waliubofya. Kalenda ya mtandaoni ya kampuni hiyo hiyo ilifunguliwa Aprili 2006. Mwaka 2009 ikaja Apps Script, ambayo mtu anaandika mistari michache ya msimbo na kalenda, barua pepe na jedwali vinaanza kuzungumza. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, IFTTT na Zapier zikawapa uwezo huo hata wasioandika msimbo. Kufikia Agosti 2015, programu iliweza kujichotea yenyewe takwimu za utafutaji. Bomba la McIlroy likawa limefika hadi kwenye tovuti ya mapishi.

Lakini mwaka huo huo wa 2015 Google iliacha kuchapisha makadirio ya huduma nyingine iliyotakiwa kunifunza jambo. Flu Trends ilianzishwa 2008. Wahandisi walipitia maneno milioni 50 yanayotafutwa sana Marekani, wakachuja 45 ambayo kupanda na kushuka kwake kulifuatana na idadi ya watu wanaokwenda kwa daktari na dalili za mafua. Wazo lilikuwa zuri: mgonjwa hutafuta dawa mtandaoni kabla hajafika hospitali. Ila katika kuchuja walikutana na maneno ya mpira wa kikapu wa shule za sekondari, nayo yakifuatana na mafua vizuri kabisa. Mpira ule hausababishi mafua. Vyote viwili ni vya majira ya baridi.

Maneno ya mpira waliyaondoa, lakini tatizo lenyewe lilibaki ndani. Mwaka 2009 homa ya H1N1 ilipozuka nje ya msimu wake, mashine haikuiona. Katika msimu wa 2012 na 2013 ikakosea upande wa pili, ikakadiria zaidi ya maradufu ya wagonjwa walioripotiwa na taasisi ya serikali inayofuatilia magonjwa. Watafiti walioandika katika jarida la Science mwaka 2014 walisema kwamba kwa sehemu chombo hicho kilikuwa kinagundua mafua, na kwa sehemu kilikuwa kinagundua tu kwamba baridi imefika.

Niliposoma hayo, nilifungua tena ripoti yetu nikajiuliza imegundua nini. Jibu lilikuwa wazi kiasi cha kuniaibisha. Juma la 15 hadi 21 Aprili 2024 lilikuwa baada ya Idi. Juma hilo hilo la 2023 lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, siku ambazo nusu ya pwani inatafuta jinsi ya kupika kaimati na vileja vya sikukuu. Ramadhani ilianza 23 au 24 Machi mwaka 2023, na 11 au 12 Machi mwaka 2024, kutegemea mwezi ulionekana wapi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka mfungo unarudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi kwenye kalenda ya ukutani. Ripoti yangu ililinganisha kwaresima na krismasi, ikampa bibi wa watu jawabu.

Nikakumbuka na la Machi. Katikati ya mwezi ule ripoti ilikuja kijani tupu, tukapongezana na kupeana soda. Ilikuwa kosa lile lile, tofauti ni kwamba lilitusifu, na sifa hatukuihoji.

Kwa nini kalenda haikunionya? Mwaka 1998 wataalamu wa viwango vya intaneti walitoa waraka namba 2445, ulioeleza lugha ambayo kalenda za kompyuta zingezungumza baina yao. Unaruhusu tukio lirudiwe kila juma, kila mwezi, kila mwaka. Una hata nafasi ya kutaja ni aina gani ya kalenda inayotumika, na thamani moja tu iliyoorodheshwa: Gregorian. Ilipita miaka 17 kabla waraka mwingine, namba 7529 wa mwaka 2015, kuweka utaratibu wa kurudia matukio kwa kalenda nyingine kama ya Kichina, ya Kiyahudi na ya Kihabeshi. Kwa miaka 17 hiyo, lugha ile haikuwa na namna ya kusema "kila mwaka" kwa mwaka usiokuwa wa Gregori.

Nasi ni watu tuliozoea miaka zaidi ya mmoja. Pwani ya Waswahili inaita mwezi unaofuata Ramadhani Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, hadi wa tisa, ndipo zije Rajabu na Shaabani. Miezi inahesabiwa kutoka siku watu walipofungua. Pembeni yake mabaharia walikuwa na mwaka wa jua, wa siku 365, ulioanzia siku ya Mwaka, ile ambayo Makunduchi bado wanaiadhimisha kila Julai. Waliugawa kwa miongo, siku kumi kumi, wakajua mwongo upi kaskazi inatulia na upi kusi inaanza kuvuma. Mtu mmoja alibeba kalenda mbili kichwani: ya ibada na ya upepo. Hakuthubutu kuweka tanga kwa hesabu ya Mfunguo, wala kufunga kwa hesabu ya mwongo. Kwanza alijiuliza jambo lenyewe ni la kalenda ipi.

Swali hilo ndilo nililolisahau nilipounganisha mabomba. Nimelirudisha kwa njia ya kawaida tu. Kwenye kalenda yetu nimeweka tukio la Ramadhani linaloanza siku ya kwanza ya mfungo. Skripti inasoma tukio hilo, inahesabu leo ni mfungo wa ngapi, kisha inaitafuta siku ya namba hiyo ya mwaka uliopita. Kila usiku inanakili takwimu kwenye jedwali letu, kwa sababu Search Console huhifadhi miezi 16 tu. Humo zinaingia Ramadhani mbili; ya tatu haipo kamwe. Na siku yake haianzi kwetu: inafuata saa za California, ambako usiku wa manane ni saa nne au saa tano ya asubuhi yetu. Hilo sikuweza kulibadilisha. Nimeliandika juu ya kila ripoti, ili anayesoma ajue.

Nilimpigia bibi siku ile ile nilipomaliza hesabu mpya, nikamsomea mfungo kwa mfungo, mwaka kwa mwaka. Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo ilikuwa inanilinganisha mimi wa baada ya Idi na mimi wa kumi la mwisho?" Nikamwambia ndiyo. "Hata mume wangu hakuwahi kunifanyia hivyo," akasema, akacheka.

Hatua moja nimeiacha mikononi. Ningeweza kuielekeza skripti ikokotoe mwandamo wa mwezi miaka kumi mbele. Lakini kukokotoa si kuuona, na wasomaji wetu hawafungi kwa kukokotoa. Basi kila jioni ya tarehe 29 Shaabani nakaa na simu mkononi nikingoja tangazo, tukio la Ramadhani likiwa wazi mbele yangu, tayari kusogezwa siku moja. Bibi hupiga kabla ya redio.

"Umeandama?"

"Bado, bibi. Tunangoja."