Sanaa za uoni katika mafunzo ya walimu wa kemia

Sanaa za uoni katika mafunzo ya walimu wa kemia ni utaratibu wa kuwaandaa walimu tarajali kwa kuchora, kufinyanga, kupaka rangi na kupiga picha sambamba na kazi za maabara. Mwaka 1982 Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow alionyesha kuwa kemia husomwa katika ngazi tatu: yanayoonekana kwa macho, chembe zisizoonekana, na alama za kimaandishi. Mwalimu mzoefu huhama ngazi bila kujitambua, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea.

Zoezi linalofaa sana kuunganisha ngazi hizo ni sayanotaipu, picha ya buluu iliyovumbuliwa na John Herschel nchini Uingereza mwaka 1842. Mwaka uliofuata Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha picha za mwani zilizotengenezwa kwa njia hiyo, kazi ambayo ni sayansi na sanaa kwa pamoja. Walimu tarajali huchanganya myeyusho wa sitrati ya amonia na chuma na ule wa ferisianidi ya potasiamu, wakaupaka kwenye karatasi kwa brashi mahali penye mwanga hafifu. Karatasi ikikauka huwa na rangi ya manjano-kijani. Jani huwekwa juu yake, kisha karatasi huanikwa juani. Mwanga wa urujuanimno huwezesha ioni za chuma zenye chaji +3 kupokea elektroni kutoka kwa sitrati na kuwa +2. Hizo huungana na ferisianidi kufanya buluu ya Prussia, isiyoyeyuka majini. Palipofunikwa na jani hakuna mmenyuko, hivyo kemikali huoshwa na maji na weupe wa karatasi hubaki.

Kisha kila mmoja huchora chembe zilivyokuwa kabla na baada ya jua. Mchoro huo una thamani zaidi kuliko picha yenyewe, kwa kuwa hufichua dhana potofu ambazo mlinganyo ulioandikwa sawasawa huzificha, kama ile ya kudhani kuwa atomi moja ya shaba ina rangi ya shaba. Kupamba mabango ya darasa hakutoshi. Sanaa isiyomlazimu mwalimu kufikiri kemia haina nafasi katika mafunzo haya.

Ferisianidi isichanganywe na asidi kali wala kuchomwa moto, kwani huweza kutoa gesi ya sumu ya sianidi ya hidrojeni.