Mafunzo ya ubingwa wa tiba wakati wa janga: Mwanza na Kanda ya Ziwa

Mafunzo ya ubingwa wa tiba ni hatua anayopitia daktari aliyekwisha kusajiliwa ili abobee katika fani moja, kama vile upasuaji, magonjwa ya watoto au magonjwa ya wanawake na uzazi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mafunzo haya hufanyika wodini, janga la ugonjwa huyagusa moja kwa moja: aina ya wagonjwa wanaofika hospitali ikibadilika, anachojifunza daktari nacho hubadilika.

Mfumo wa mafunzo

Daktari wa Tanzania husoma shahada ya kwanza kwa miaka mitano, kisha hufanya utarajali wa mwaka mmoja. Anayetaka ubingwa hurudi chuoni kwa miaka mitatu au zaidi, akizunguka wodini, kliniki na vyumba vya upasuaji huku akiandaa tasnifu. Kituo kikuu cha Kanda ya Ziwa ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 na yenye vitanda zaidi ya 900, pamoja na chuo kikuu kilichomo humo, CUHAS. Chuo hicho kilianza mwaka 2003 kikiwa chuo kikuu kishiriki cha Mtakatifu Augustino.

Nchini Marekani na Uingereza, daktari wa ngazi hii ni mwajiriwa anayelipwa mshahara. Nchini Tanzania yeye ni mwanafunzi, na ada yake hulipwa na yeye mwenyewe, mwajiri wake au mfadhili. Hata hivyo ndiye anayeshika zamu za usiku na kupokea wagonjwa wa dharura. Hadhi hii ya pande mbili huonekana wazi janga linapoingia.

UKIMWI

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, miaka 20 kabla ya chuo cha Bugando kuanza. Kanda iliyoguswa mapema zaidi haikuwa na mahali pake pa kufundishia mabingwa. Ilikuwa, hata hivyo, uwanja wa utafiti: kati ya 1991 na 1994, utafiti uliofanyika vijijini Mwanza ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Huduma ya ARV ilipoanza kuenea kuanzia mwaka 2004, madaktari walianza kujifunza kumfuatilia mgonjwa wa VVU kwa miaka mingi, badala ya kumuuguza tu siku zake za mwisho.

UVIKO-19

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku chache baadaye vyuo vilifungwa, vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni. Hospitali hazikufungwa. Agizo lililomrudisha mwanafunzi nyumbani liligongana na zamu iliyomhitaji daktari huyohuyo wodini. Ng'ambo ya ziwa, Uganda ilifunga vyuo kwa muda mrefu zaidi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho ndio walioruhusiwa kurudi kwanza, mnamo Oktoba 2020.

Mafunzo huathirika kwa njia kadhaa. Upasuaji usio wa dharura ukiahirishwa, anayesomea upasuaji hukosa idadi ya operesheni anazotakiwa kuzifanya. Ulimwenguni, watafiti wa CovidSurg walikadiria kuwa operesheni milioni 28 hivi zingeahirishwa au kufutwa katika majuma 12 ya kilele. Wagonjwa wa kliniki wakipungua, tasnifu hukosa sampuli. Safari za ndege za kimataifa zilipositishwa kuanzia Aprili hadi Mei 2020, wahadhiri wageni kutoka vyuo rafiki kama Weill Cornell cha New York hawakuweza kusafiri.

Upimaji nao ulikuwa mgumu: mwanzoni sampuli zilipelekwa maabara ya taifa Dar es Salaam, na takwimu za kitaifa zikaacha kutolewa Mei 2020. Katika mazingira hayo daktari hutegemea zaidi historia ya mgonjwa, picha ya kifua na kipimo cha oksijeni kidoleni. Stadi za kutoa oksijeni na kuvaa mavazi ya kinga, zilizokuwa za wachache, zikawa za lazima kwa kila fani. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, na wahudumu wa afya wakawa miongoni mwa waliopewa kipaumbele.

Milipuko ya Marburg

Mlipuko hauhitaji kuwa janga la dunia ili uvuruge mafunzo. Machi 2023 virusi vya Marburg vilitangazwa Kagera. Watu tisa waliugua na sita wakafa, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Mwaka 2025 ugonjwa ulirudi wilayani Biharamulo. Aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21, na kwa anayesomea ubingwa hizo ni wiki tatu za mzunguko wake.

Baada ya janga

Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, ambao sehemu yake ilielekezwa kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni. Vifaa vya aina hiyo husimikwa ndani ya miezi michache. Daktari bingwa wa kuvitumia huhitaji angalau miaka tisa tangu aanze shahada ya kwanza, kwa hiyo pengo la mafunzo lililoachwa na janga huonekana hospitalini miaka kadhaa baada ya janga lenyewe kutulia.