Salongo na Kujitolea



Kamati ilipotuita kufyatua matofali ya madarasa, mzee mmoja wa kijiji chetu aliuliza: "Hii ni salongo tena?" Tulicheka, lakini swali lake lina historia.

Mwaka 1917 wakoloni wa Kibelgiji walitoa amri ya kumlazimisha mkulima wa Kongo kulima mazao waliyoyataka wao, hadi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita vya dunia, siku hizo zikawa 120. Pamba alilima yeye, bei walipanga wengine, na aliyekataa alifungwa. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, Mobutu akaleta salongo: kufyeka, kufagia, kuziba mashimo ya barabara. Kazi zenyewe hazikuwa mbaya (barabara zetu zilihitaji hata zaidi!), ila asiyefika aliadhibiwa. Ndipo watu wakazoea kuona kazi ya wote kuwa kazi ya mkubwa.

Tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, tukapokelewa Nyarugusu, wilayani Kasulu. Sisi walimu tulianza kufundisha chini ya miti bila kuagizwa na mtu.

Siku ya kwanza ya matofali tulifika watu tisa tu. Baadhi yetu walitaka majina ya wasiofika yaandikwe. Tulibishana sana, mwishowe tukakataa. Mzee yule alikuja siku ya nne, amebeba ndoo ya maji ya kukandia udongo.