Jimmie Rodgers: Mwimbaji wa Reli Aliyegeuka Chemirocha

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 karibu na mji wa Meridian, jimbo la Mississippi, Marekani. Baba yake alikuwa mnyapara wa njia ya reli, na mwana naye akaingia humo humo: kwanza kuwapelekea vibarua maji, baadaye kufunga breki za treni. Kwa vibarua Weusi wa reli ndiko alikookota nyimbo za blues na upigaji wa gitaa. Mwaka 1924 akapatikana na kifua kikuu. Reli inataka mwili mzima, basi riziki yake ikahamia kwenye muziki.

Tarehe 4 Agosti 1927, huko Bristol, Tennessee, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alimrekodi nyimbo mbili. Sahani iliyompa jina ni "Blue Yodel", iliyorekodiwa Novemba mwaka huo huo. Kila baada ya ubeti, sauti yake inaruka ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa, kisha inarudi, bila neno lolote. Hiyo ndiyo yodeli, na ndiyo iliyovuka bahari, kwa kuwa haihitaji mkalimani.

Kauboi hasa hakuwa, ingawa alijivika sura hiyo. Mwaka 1929 alijenga nyumba Kerrville, Texas, ambako hewa kavu ilisifiwa kuwafaa wagonjwa wa kifua, na mwaka huo huo akarekodi "Yodeling Cowboy". Alipigwa picha akiwa na kofia pana na mavazi ya wachunga ng'ombe, na wanunuzi wakaridhika. Gene Autry, ambaye filamu za kuanzia 1935 zilimfanya kauboi mwimbaji mashuhuri, alianza kazi kwa kumwiga Rodgers waziwazi. Rodgers mwenyewe hakuyaona hayo. Mei 1933 alikwenda New York kurekodi akiwa hoi, ikabidi awekewe kitanda cha kupumzikia kati ya wimbo na wimbo. Alifariki tarehe 26 Mei, akiwa na umri wa miaka 35.

Afrika Mashariki hakufika, ila sahani zake zilifika. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono haikuhitaji umeme, na nyimbo zake zikasikika hadi kwa Wakipsigis, wafugaji wa magharibi mwa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi Afrika Kusini, alirekodi katika nchi yao nyimbo tatu zenye jina la Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers katika matamshi ya huko. Iliyopata umaarufu ni ya tatu, ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, ikisindikizwa na ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha alikuwa nusu mtu nusu swala, na wasichana walimwita acheze kwa nguvu hata nguo zimtoke. Maelezo hayo ni ya mgeni aliyependa visa vitamu, lakini jambo lenyewe si la ajabu: sauti isiyo na mwili ilikuwa imetoka sandukuni, nao wakaitafutia mwili.

Kongo ilimpokea kauboi kwa njia ya sinema zaidi. Léopoldville (Kinshasa ya leo) ya miaka ya 1950 ilikuwa na vijana walioitwa Bills, kwa jina la kauboi wa maonyesho Buffalo Bill, wenye leso shingoni na lugha yao ya mtaani. Huko Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, gitaa lilishika njia yake: Jean Bosco Mwenda wa Bunkeya, aliyerekodiwa na Tracey huko Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, aliimba kwa Kiswahili na kupiga kwa vidole viwili mtindo ambao wapiga gitaa hadi Nairobi waliuiga. Mwaka 1969 alipiga gitaa lake kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Mwaka 2015 ILAM, pamoja na shirika la muziki la Ketebul Music la Nairobi, ilizirudisha nyimbo za Chemirocha kwa Wakipsigis.